Kifyatulio Laini cha Bastola Kubwa

Shangazi,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa. Nimefungua dirisha, baridi ya mtaa wetu wa Fittja imeingia, nimelifunga. Tangu tukuzike, bastola zako tatu zimefungiwa kwenye kasha la chuma pale kwenye chama chetu cha kulenga shabaha, na kesho lazima niwaambie polisi nitaomba kibali cha kumiliki ipi. Moja tu. Nyingine ziuzwe.

Jana nilikwenda kuzijaribu, bila risasi, kidole tu. Ile ndogo ni ileile: inaenea kiganjani, lakini kifyatulio chake kinagoma mwishoni kama mlango uliovimba kwa unyevu. Ulikuwa ukinicheka, "Vidole vyako ni vya kuchambua mchele!" Ya kati ilinikaa vizuri. Kifyatulio kinakwenda kwa uzito mmoja tangu mwanzo hadi nyundo inapoanguka. Nikasema basi, ni hii.

Ile kubwa niliishika kukuaga tu. Fremu yake ni nene, kidole changu kinafika kwa taabu. Lakini nilipovuta, nyundo ilianguka kabla sijajiandaa. Laini mno. Nikakumbuka ulivyoniambia mwaka jana niliposhangaa ulaini huo: "Kubwa ni mtu mzima, haina ubishi." Nami nikaamini kwamba bastola kubwa zote ziko hivyo.

Lennart, yule mzee mwenzako wa kila Jumamosi, akanipa yake, ya fremu ileile, ya kiwanda kilekile. Nilivuta kwa nguvu zangu zote ndipo nyundo ikaanguka. Nikamtazama. Akainamisha kichwa, akaniambia ulimwomba akuwekee springi nyepesi ya kifyatulio kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimeisha nguvu. Na ulimkataza kuniambia.

Shangazi! Mimi ulinidanganya umeteguka kifundo cha mkono. Nikakuletea mafuta ya kuchua. Mafuta! Toka kwangu mpaka kwako Norsborg ni vituo vitatu vya treni, ningekuja kila siku, ningekumenyea hata vitunguu. Wewe uliyekuwa ukituimbia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe ulikuwa ukimwambia nani? Tangu jana nashika simu nikupigie nikugombeze, halafu naiweka chini. Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia. Nimekukumbuka mpaka nachoka.

Kesho nitaomba ile kubwa. Lennart anasema haifai mkono wangu, na ni kweli, ile ya kati ingenipa alama nyingi zaidi. Springi yako sitaibadilisha. Nataka kila nikivuta nijue ulifika wapi bila mimi.

Pumzika sasa, Shangazi, umekaza vya kutosha. Na ahadi yangu ni hii: siku mkono wangu utakaponishinda, sitamtafuta fundi kwanza. Nitawapigia simu watu wangu, nitawaambia, "Njooni, siwezi."

Mtoto wa kaka yako,
Neema