Udongo wa Viatu Vyangu

Antaktika, Jumapili ya pili ya Julai.
Mwezi wa nane tangu niondoke Izimbya.

Mpendwa Tata,

Kaka Deo hapokei tena simu zangu, kwa hiyo nakuandikia wewe, baba yangu, uliye kaburini.

Siku ile naondoka ulinisindikiza hadi mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, ukanipa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna uliyoichemsha na kuikausha mwenyewe. Ukasema, "Ukifika mpe mwenyeji wako. Usiingie kwa watu mikono mitupu." Kisha ukauliza, "Na nikikuita?"

Nikajibu, "Ndege zipo, Tata. Siku mbili tu."

Ukacheka. "Siku mbili? Hata walio Mwanza hapo hawafiki kwa siku mbili."

Nilijua nasema uongo. Mkataba wa kazi ulieleza: meli ikishatushusha, bahari inaganda, hakuna wa kuingia wala kutoka hadi Desemba. Niliishia kidato cha pili, lakini hilo nilielewa. Ningekwambia ukweli ungenizuia, na mimi nilitaka kwenda.

Kahawa yako haikufika. Kabla ya kupanda meli walitukagua, maana mbegu yoyote ni marufuku huku. Mkaguzi aliitupa kwenye pipa, akachukua brashi, akachokonoa soli za viatu vyangu mpaka udongo wa kibanja chetu ukaisha. Nilicheka.

Wasomi hapa wanapima barafu na upepo. Mimi nachota theluji kwa koleo, najaza tangi la kuyeyushia, ili wao waoge na wanywe chai. Nikimaliza, upepo umeshafukia mlango, naanza upya. Jua sijaliona tangu Mei. Wananiita rafiki, lakini koleo hawaligusi.

Ulipofariki mwezi uliopita, ndugu walizisubiri zile siku mbili nilizokuahidi. Ukakaa mochwari siku tano. Deo akanipigia.

"Uko wapi?"

"Barafu imetufungia, kaka."

"Barafu? Hata friji ina mlango."

Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Kwenye msiba wako, Tata.

Siku ya maziko dada Leokadia aliinua simu juu ya kaburi ili nisikie. Udongo ulipoangukia jeneza nilisikia kishindo chake. Theluji haina kishindo. Nachota kutwa nzima sisikii kitu. Kisha Deo akatangaza mbele ya ukoo kwamba kuanzia siku hiyo, nikija pale nyumbani, nipokewe kama wageni wengine.

Namchukia kwa maneno hayo. Ila aliyekuweka kwenye jokofu siku tano ni mimi, na hilo siwezi kumsukumia Deo.

Meli inarudi Desemba. Nitafika Izimbya wiki ya kwanza ya Januari. Nitapita kwanza kwako, kwenye migomba, nivue viatu, ndipo nikabishe hodi. Mgeni wa nyumba yetu hupewa akamwani. Aliyekuwa akiichemsha ni wewe.

Mwanao uliyemsubiri.