Wahispania Mlangoni Kwangu

Ilford, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hiyo ya Wundanyi? Mimi mzima, ingawa neno hilo nimelikopa tu. Barua hii anakuletea Douglas, anayekuja huko likizo, mkononi kwa sababu kwenye simu hunikatiza, Mama, nami nikikatizwa hulia.

Bado niko kazini kwenye jumba la makumbusho, nasimama kutwa kuzuia watu wasiguse picha. Wamenihamishia chumba chenye picha kubwa ya vita vya meli, na tangu hapo sina amani. Aliyenieleza ni mwenzangu Manish, Mhindi wa Kisumu anayenishinda Kiswahili. Alisema mwaka 1639 meli za Wahispania zilichapwa na Waholanzi, zikakimbilia maji ya Waingereza, hapa pwani ya Kent, zikatia nanga zikidhani zimefika kwa mwenyeji. Mfalme wa Waingereza alikuwa ametangaza kwamba ugomvi ule haumhusu. Meli zake zikakaa katikati kwa wiki kadhaa, zikiwaonya wote wawili wasianze. Waholanzi wakazidi kuongezeka. Asubuhi moja yenye ukungu wakavamia, wakasukuma hata meli walizozitia moto makusudi. Nikamuuliza Manish wenye maji walifanya nini. Akasema walipiga mizinga michache ya kuondoa lawama, kisha wakatazama. Wahispania hawakurudi kutamba baharini kama zamani.

Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Unajua Tatiana, mkaza mwanao, alikuja kwangu na mfuko mmoja na mkono umevimba. Uliniambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi: wifi humpa mwenzake chai, humtuliza, humrudisha. Nilitii nusu. Sikumrudisha, wala sikumficha. Mumewe Telesphor alipomfuata nilimpa chai yeye pia, nikaketi kati yao nikiwaonya wote wawili wasipandishe sauti. Wote wawili, Mama! Na Tatiana hata kukohoa hakuthubutu. Kila akija, mdogo wangu alikuja na hasira zaidi. Roho yangu ikawa juu juu. Nikisikia lifti tu, nashtuka.

Jumamosi ile alikuja asubuhi. Nilimfungulia, kwa sababu ni Telesphor, nimembeba mgongoni huyu. Aliipita chai mezani, akamkamata Tatiana nywele, akamburuta hadi kwenye ngazi. Mimi nikasema, Telesphor jamani, Telesphor jamani. Hiyo ndiyo mizinga yangu. Majirani walifungua milango, wakatazama.

Sasa keti ndipo usome. Waliokuambia polisi waliitwa na jirani walikosea, nami nikawaacha wakosee. Ni mimi, Mama. Nilimvuta Tatiana ndani, nikamfungia mwanao nje, nikapiga simu, nikataja jina lake lote nililosikia akibatizwa nalo. Walipomchukua alikuwa akiniita dada. Amewekwa ndani hadi kesi, na mwezi ujao nitasimama mahakamani niseme nilichokiona. Naogopa sana. Lakini nitasema, na usiniombe nibadilishe.

Najua nyumbani watasema nimemuuza damu yangu. Wewe usiseme hivyo kabla hujanijibu jambo moja. Nakumbuka siku tulipokimbilia kwa shangazi, wewe na mimi, mdomo wako umepasuka. Shangazi alikupa chai, akakutuliza, akakurudisha. Nilishika kanga yako njia nzima. Sijawahi kuthubutu kukuuliza, Mama: siku ile ulitaka shangazi afanye nini?

Nisalimie wa nyumbani wote watakaokubali salamu zangu. Ukipiga simu, usianze kwa kuuliza Telesphor anakula nini huko aliko. Muulize kwanza Tatiana mkono unaendeleaje. Yuko hapa jikoni, anataka kukuamkia, anaogopa hutaitikia.

Ni mimi bintiyo nikupendaye,
Jedidah