Draya ya Mama Iliyokataa Kuwaka

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Goti la kaka yako limepona, anapanda ngazi bila kunung'unika, na Mama ana nguvu za kutugombeza sote kabla ya chai.

Kilichonishikisha kalamu ni asante. Mashine ya hewa moto uliyonitumia imenipunguzia taabu. Zamani nikiunga nyaya za magari, nilikuwa nikisinyaza mirija ya plastiki kwa kiberiti cha gesi. Waya unaungua, na vidole vyangu pia. Sasa nabonyeza kitufe tu, mrija unaubana waya vizuri. Na kwa kuwa inatumia betri, naingia nayo hadi chini ya dashibodi. Mafundi wenzangu wanaiita bastola.

Masharti yako nayafuata, ingawa mwanzoni nilikucheka, nikasema shemeji ananifundisha kama mtoto. Nikimaliza kazi natoa betri, naisimamisha mdomo juu mpaka ipoe, kisha napiga brashi matundu ya hewa yasizibwe na vumbi. Penye harufu ya petroli siiwashi kabisa.

Sasa sikia yaliyotokea wiki hii. Nilirudi nayo nyumbani, nikaiweka juu ya kabati la sebuleni, betri nikaipeleka jikoni kuichaji. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuosha nywele. Unamjua mama yako, chochote kinachotoka kwako ni chake. Nilipoingia nilimkuta mbele ya kioo, taulo mabegani, mdomo wa mashine umegusa kisogo, anabonyeza kitufe kwa hasira. Akanilalamikia kwamba mwanawe ameuziwa draya mbovu ya kukaushia nywele.

Niliichukua mashine mkononi mwake, nikaifuata betri jikoni. Kisha nikamwomba tutoke uani. Nikachomeka betri, nikaelekeza mashine kwenye kopo tupu la plastiki la mtindi. Likajikunja palepale, likabaki donge. Mama akalitazama, kisha akapeleka mkono kichwani taratibu. Tulikaa hapo kizingitini, tumeshikana mikono.

Shemeji, ningeiacha betri ndani siku ile, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa. Ule usumbufu wako wa kurudia "toa betri, toa betri" ndio uliomwokoa mama yetu. Mungu akulipe kwa kila neno. Sasa mashine inalala kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao Mama mwenyewe.

Kaka yako anakusalimu sana. Binti yetu Chiriku anauliza utakuja lini, na jirani yetu mshonaji naye hajakusahau. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa salama.

Mama nilipomuuliza nikuandikie nini, alifikiri kidogo, akasema: "Mwambie mwanangu nashukuru. Na mwambie draya bado naisubiri."

Ni mimi nikupendaye na kukushukuru,
Shemeji yako, fundi umeme.