Daktari Asiyetaka Murwaza

Buterere, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kalemie. Goti lako limepoa? Sisi tunatembea na tunakula, ila kuna jambo mwanao mkubwa, Yaya Deo, amenikataza kukwambia. Ninaandika kwa sababu kwenye simu angenisikia.

Uliuliza kwa nini kwenye picha amevaa jaketi juani. Mama, ameota matiti kama msichana. Kule anakojenga nyumba wenzake wanamwita Mama Deo. Mmoja alimuuliza mbele yangu, "Mama Deo, mutoto ananyonya saa ngapi?" Wakacheka, naye akacheka. Tulipofika nyumbani hakula.

Halafu akapata mtu huko Gasenyi anayejiita daktari. Alisema atampasua asubuhi na jioni atamrudisha, ila asije na murwaza. Hapa ndivyo wanavyomwita ndugu anayekaa hospitali kumpikia na kumfulia mgonjwa. Nikaanza kushuku. Daktari gani anakataa murwaza?

Siku yenyewe nikamfuata Yaya na beseni na chupa ya chai. Katika ua wa mtu yule wa Gasenyi hapakuwa na shuka iliyoanikwa, wala jiko la makaa, wala mwanamke kwenye mkeka. Unajua mimi sisemi mbele ya watu. Siku hiyo nilisema.

"Docteur, wagonjwa wa jana wako wapi?"

"Walishapona, dada. Rudia kwenu na beseni yako."

Yaya akaona haya. "We mutoto unajua nini?" akaniambia. Lakini alimgeukia yule mtu. "Hautanigusa kwanza kifua?"

"Apana, nimeshaona kwa macho."

Yaya akafunga vifungo vya jaketi, tukatoka.

Jana tulikwenda hospitali mjini. Daktari wa huko alimbonyeza polepole kila upande, kisha akamuuliza anameza dawa gani. Yaya alinitazama. Alipoulizwa tena alisema ni vidonge vya nguvu, ili abebe matofali mengi. Anavinunua kwa nani? Kwa yule yule wa Gasenyi.

Daktari alisema huenda ndivyo vilivyomwotesha matiti, aviache kabisa, na damu ipimwe. Nyama ile ikibaki, ataitoa kwa upasuaji, lakini hatampasua mtu anayeendelea kumeza vitu vile.

Yaya anasema amevitupa. Nimetafuta kwenye takataka zote, sikuviona. Na leo asubuhi alikwenda kazini kwa njia ya Gasenyi, ambayo si njia yake.

Nisalimie shangazi mshonaji, bibi mzaa baba, na mdogo wangu anayeanza shule. Yaya akijua nimeandika atakasirika, na akasirike. Mpigie simu, Mama, umuulize wewe mwenyewe vidonge viko wapi. Mimi ananidanganya bila shida. Wewe hajawahi kukudanganya.

Ni mimi binti yako ninayekutegemea,
Furaha