Mwezi Mpevu na Jibu la Mama

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, katikati ya msimu wa baridi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za mama yako, nyingi kuliko karatasi hii. Hujambo huko uliko? Shemeji naye, mgongo umeacha kumsumbua? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole kama siafu. Mama anavaa sweta mbili na bado ananiamuru nifunge mlango ambao umeshafungwa.

Koti ulilomtumia lilifika salama. Limempendeza mno, ingawa anasema linamfanya afanane na askari wa barabarani. Hata hivyo halivui, hata akiwa jikoni.

Binti yetu anaendelea vizuri chuoni. Anamsalimu shangazi yake, na anauliza lini utakuja umsuke zile nywele ulizomwahidi.

Wifi, barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya cherehani, maana nikikaa nainuka, nikiinuka sijui ninakokwenda. Nimekuwa hivi kwa muda sasa. Juzi nilishona shati la sare ya shule, mkono mmoja ukaenda mbele na mwingine nyuma. Mteja alilishika, akalitazama, akanitazama na mimi. Mama aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni baridi tu.

Haikuwa baridi. Ni Fundi Bomba.

Nadhani unamkumbuka. Yule mrefu, mpole, aliyetengeneza sinki la jikoni safari ile uliyokuja, ukasema anazungumza kama anayelipia maneno. Mkewe alifariki zamani. Tangu mwaka jana amekuwa akipita kwetu kuangalia kama bomba linavuja. Mama alishasema kwamba mtaa mzima hakuna bomba linalotibiwa kama letu. Nilicheka, nikadhani mzaha umeishia hapo.

Basi hivi karibuni akapata kazi ya kuweka mabomba katika hospitali inayojengwa mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Si kazi ya kwenda na kurudi. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema anataka kunioa twende wote. Nikamwomba aniache nifikiri.

Tangu siku hiyo mimi na usingizi tumekosana. Moyo ulikuwa unamtaka, wifi, sikufichi. Lakini kila nikimwona Mama anavyoshuka kitandani akishika ukuta, nilikuwa naona haya hata kuwaza. Na wewe ulikuwa mbele ya macho yangu. Utasema nini ukisikia kwamba mke wa marehemu kaka yako anafunga virago? Sikumwambia mtu. Nikawa nazunguka na neno langu nyumba nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Sasa ya jana. Mwaka juzi, baridi ikiwa kali, umeme ulikatika kwa siku nyingi, na watu wakatoka nje kwa sababu ndani giza lilikuwa limewachosha. Mwezi ulipochomoza wakaona raha, wakakaa pamoja. Tangu hapo mwenyekiti wa mtaa huwaita watu kwenye kiwanja cha shule, pale juu ya reli, kuutazama mwezi mpevu wa msimu wa baridi. Umeme uwepo, usiwepo.

Mama akasema mwaka huu lazima aende. Nikamkumbusha magoti yake. Akaniambia magoti ni yake na ruhusa ameshayapa. Fundi Bomba akaja kubeba kiti, akakiweka begani, tukapanda kilima hatua kwa hatua, Mama katikati, koti lake limefungwa hadi kidevuni.

Watu walikuwa wengi. Mablanketi, chupa za chai, watoto juu ya mabega ya baba zao. Mwoka mikate alileta gunia zima la maandazi ya moto, likaisha kabla hajaliweka chini. Wote tukaelekea upande wa reli. Jua likazama, lakini pale pale mwezi unapotokea likakaa wingu zito, halisogei mbele wala nyuma.

"Bado kidogo, ndugu zangu," mwenyekiti akawa anasema. "Bado kidogo."

"Mwenyekiti," fundi viatu akapaza sauti, "huo mwezi ulipewa taarifa ya mkutano?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kutulia. Nilizunguka kile kiti, nikakunja blanketi, nikalikunjua, nikamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mama alikuwa amejifunika gubigubi na kichwa kimeinama, nikajua amesinzia. Ndipo Fundi akainama karibu yangu.

"Kesho kutwa natakiwa kuwajibu wale wa hospitali," akasema. "Na mimi nangoja jibu lako."

"Mama nitamweka wapi?"

"Mimi sijasema tumwache."

"Hatakubali kuhama. Yuko kwenye nyumba ile tangu alipoolewa. Nianzie wapi kumwambia?"

Blanketi likatikisika.

"Mimi si kabati la kuwekwa," Mama akasema, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona.

Wifi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Majirani wote wakageuka. Fundi viatu akapaliwa na chai. Mama akatoa kichwa nje, akamkazia macho Fundi Bomba.

"Huko unakompeleka mwanangu, nyumba ina ngazi?"

"Haina, Mama. Ni ya chini."

"Choo?"

"Kiko ndani."

"Na bomba?"

"Halivuji, Mama."

"Ungekuwa jirani yetu huko, ungekuja kwa kisingizio gani?"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko, na Fundi naye akacheka, yeye ambaye sijawahi kumwona meno. Katikati ya kicheko hicho mtu akapiga kelele, "Huo!" Wingu lilikuwa limepasuka kwa chini, na mwezi ukawa unapanda, mkubwa, rangi ya yai la kienyeji. Kila mtu akaukazia macho.

Mama hakuutazama. Alinishika mkono, vidole vyake baridi kama chuma, na safari hii akasema kwa sauti ya kusikiwa na mimi peke yangu:

"Nilikuwa nangoja uniambie. Kila siku nasikia cherehani inasimama katikati ya mshono. Usinifanye mimi kuwa sababu."

"Na mwanao, Mama?" nikamuuliza.

"Mwanangu hayupo. Wewe upo."

Kisha akageuza uso akautazama mwezi wake. Nikalia, na hakuna aliyeniona.

Tukishuka kilima nilimpa Fundi jibu lake. Ndoa itakuwa ndogo, kabla ya kuhama, na Mama anakuja nasi. Nyumba haiuzwi, binti yetu atafikia hapa wakati wa likizo, na mwoka mikate atashika funguo. Mama ameshaanza kunipangia vyombo gani viende na vipi vibaki, na sufuria yangu kubwa ameikataa.

Lakini mimi bado sijatulia. Watu wote nimewajibu, umebaki wewe. Naogopa kwamba siku nitakapoolewa na mtu mwingine, sitakuwa tena na haki ya kukuita wifi. Nilimwambia Mama hivyo asubuhi. Akasema niandike maneno yake bila kupunguza: "Kaka yako nilimzaa mimi na nikamzika mimi. Kama mimi nimeridhia, wewe una kesi gani? Njoo harusini, na ulete zile dawa za magoti."

Nisalimie shemeji, wabusu mapacha, na jirani yako mshona mazulia mwambie uzi wake nimeupata. Mungu awafunike nyote, awape afya na usingizi mzuri, na akupe wepesi wa kunijibu, hata kama jibu ni kali.

Hapa mwisho nilisita sijui nijiite nani. Mama amesimama nyuma yangu na kusema, "Andika lile lile."

Wako akupendaye,
Wifi yako