Friji Inayochoka Njiani

Kalemie, tarehe 9 Juni 2024

Mwanangu Florent,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa mgongo wangu una malalamiko yake. Na ninyi huko Kigoma, hamjambo? Watoto wanakua? Mama Mado akikufikishia barua hii usimwache aondoke bila chai. Kila akivuka ziwa na mawese yake anatubebea na maneno yetu, wala hajawahi kununa. Kwenye simu tunapiga kelele tu, "alo, alo", na mambo ya ufundi hayaelezeki kwa kelele.

Tulijaribu kwenda Nyunzu. Hatukufika. Gari lenyewe halina neno. Lile gari-nyumba mlilotununulia ninyi watoto, kutoka kwa wale Wazungu waliochoka na safari yao, linakwenda polepole lakini linakwenda. Shida ni friji yake. Gari likiwa limesimama hapa uani, friji inagandisha maji. Tukiingia barabarani, inalegea. Tulipofika Niemba kile kipimajoto chako kilionyesha digrii kumi na saba, na dawa ya sukari ya mama yako, ile ya sindano, imeandikwa isipite nane. Mama yako alikitazama, akaufunga mlango wa friji. Nikageuza gari.

Unajua ninavyotamani kurudi kwetu. Tangu tulipokimbia vita, nalala Kalemie kama mgeni aliyesahauliwa na wenyeji. Nyumba ilichomwa, sawa, lakini udongo hauungui. Tulikubaliana tukae ndani ya gari mpaka nisimamishe kuta. Kule dawa haipatikani kwa uhakika, lazima abebe ya miezi mingi, na lazima ikae kwenye baridi. Bila friji mama yako hawezi kuishi Nyunzu. Na bila yeye, nyumba ninamjengea nani?

Wewe ndiwe fundi wa baridi. Niambie nifanye nini. Nimechoka kurudi nyuma.

Baba yako,
Ruben

*

Kigoma, 18 Juni 2024

Papa,

Shikamoo wewe na Mama. Hapa wamenizoeza shikamoo mpaka nawaamkia hata wadogo zangu. Tuko wazima. Mtoto wa mwisho alishikwa na homa ila imeshuka. Mimi nashinda kwenye vyumba vya baridi vya samaki, natoka humo usiku mifupa ikiniuma, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Friji yenu si kama ile ya jirani inayonguruma. Haina mota. Nyuma yake kuna kitu kinachopata moto, na moto huo ndio unaozungusha dawa ya kupoza ndani ya mabomba na kuleta baridi mbele. Najua ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Moto huo unaweza kutoka kwa gesi, kwa umeme wa nyumba, au kwa betri ya gari. Mkisimama, mnatumia gesi au umeme, na moto una nguvu. Mkitembea ni betri peke yake, na betri haina nguvu nyingi. Tafadhali msiwashe gesi barabarani ili kuisaidia. Gari likiruka shimo mnaweza kuungua.

Fanya hivi. Mwite Papy fundi umeme abadilishe waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye friji. Nadhani ni mwembamba, na waya mwembamba unakula umeme njiani kabla haujafika. Aweke mnene. Siku moja kabla ya safari washeni friji kwa umeme wa nyumba ipoe kabisa, maana betri inalinda baridi iliyopo, haiwezi kuianzisha. Msiweke humo vitu vya moto. Mwisho, tazama yale matundu mawili ya vyuma ubavuni mwa gari. Joto la nyuma linatokea pale. Wadudu wakijenga humo, friji inakosa pumzi.

Mama asiwe na wasiwasi. Atafika tu kwake.

Mtoto wenu,
Florent

*

Kalemie, tarehe 14 Julai 2024

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mtoto amepona? Hapa mama yako hajambo, sukari yake imetulia. Mimi ndiye sijambo ya mdomoni.

Tulifanya yote. Papy aliweka waya mnene kama kidole changu. Friji ililala kwenye umeme wa nyumba, asubuhi ikawa digrii tatu. Matundu niliyakagua mwenyewe kwa tochi, yako wazi, hata buibui hamna. Tukaondoka nikipiga mluzi. Kabla ya Niemba, digrii kumi na tano.

Nilimgombeza Papy bure, kisha ikabidi niende kwake kuomba radhi, na mguu wenyewe huu unaniuma. Mama yako aliniambia njiani, "Pengine Mungu hapendi twende." Nikamjibu kwamba Mungu hana habari na mafriji. Lakini tulipofika nyumbani alipika ugali na samaki huku anaimba nyimbo za kwaya, na mimi nikaisukuma sahani yangu pembeni. Wanawake wana moyo, mwanangu. Mimi wangu umeishiwa.

Kama hakuna njia, sema. Nimekuwa dereva maisha yangu yote, najua gari likikataa linakataa.

Baba yako

*

Kigoma, 22 Julai 2024

Papa,

Salamu kwenu. Sisi salama.

Msikate tamaa. Nimeongea na mkubwa wangu wa kazi, naye anasema kitu kinachougua njiani na kupona nyumbani, tuulize ni nini kinabadilika kati ya nyumba na njia. Kwa hiyo niandikie kila kitu mnachofanya asubuhi ya safari. Wewe na Mama. Hata mambo ya kijinga. Usichague.

Samahani, barua ni fupi. Naandika nimesimama.

Mtoto wako,
Florent

*

Kalemie, tarehe 1 Agosti 2024

Mwanangu Florent,

Tunakusalimu sana. Naona umenifanya mwanafunzi, uzee wangu wote huu. Haya, bwana mwalimu, pokea.

Asubuhi tunasali. Mimi napima mafuta ya injini na maji, nagonga magurudumu. Papy anakuja kuchomoa umeme wa nyumba. Mama yako anafagia ndani, anafunga masufuria yasigongane, anapanga dawa yake kwenye friji na kuufunga mlango kwa kamba ili usifunguke. Hatufungui tena mpaka tusimame. Mimi napanda kwenye usukani. Yeye anazunguka ubavuni na kuyafunika yale matundu kwa kikwembe, kitenge chake kikuukuu, alichokikunja mara mbili, anakifunga kwa mafundo yake, ndipo anapanda. Unajua vumbi la kiangazi la barabara hii, jekundu, linaingia hadi kwenye meno. Na mama yako unamjua kwa usafi. Tukirudi anakifungua na kukifua.

Kisha tunaondoka. Tunasimama mara moja kunywa chai. Ndiyo hayo. Sioni ujinga wowote humo isipokuwa wa kuendelea kujaribu.

Baba yako mwanafunzi

*

Kigoma, 8 Agosti 2024

Papa wangu!

Shikamoo, shikamoo tena! Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akatoka jikoni. Ni kikwembe, Papa! Ukiyakagua matundu gari limesimama, yako wazi. Ukiondoka yamezibwa. Joto linarudi ndani na friji inajipika yenyewe. Mnamfunika mtu pua, kisha mnamshangaa kwa nini anazimia.

Mwambie Mama kwa upole, asione nimemkosoa. Nani angejua? Vumbi liingie tu, nitawaonyesha namna ya kulisafisha. Nikipata likizo nakuja kuwatembelea Nyunzu, si Kalemie tena. Sijawahi kufurahi hivi tangu tulipokimbia.

Mtoto wenu,
Florent

*

Kalemie, tarehe 1 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Amani kwako, kwa mke wako na kwa wajukuu. Sisi tupo, na afya ipo. Barua hii imenichukua siku kadhaa. Isome umekaa.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti. Alicheka, akapiga makofi, "Kumbe miye njo mwenye makosa!" Akakunja kile kikwembe, akakitia kwenye mfuko wake. Tukaondoka. Safari hii nilikuwa na hakika, hata majirani nilikuwa nimewaaga.

Tuliposimama kunywa chai nilifungua friji. Digrii kumi na nne. Na humo ndani kulikuwa na chupa moja tu ya dawa, peke yake. Nikaenda ubavuni. Kikwembe kilikuwa pale pale, mafundo yake yamekazwa.

Nilikaa chini kwenye majani. Mama yako akaja akakaa karibu yangu. Nikamwuliza, "Dawa ingine iko wapi?"

Akasema, "Iko kwa masista, kwenye friji ya dispansere. Iko yote. Siwezi kuiharibu."

"Na kikwembe?"

Akaanza kunieleza. "Mara ya kwanza ilikuwa vumbi tu, nakuapia. Ulipogeuza gari, roho yangu ikatulia. Mtoto akaandika matundu yasizibwe, ukanisomea. Nikasikia. Nikafunga tena."

"Sababu gani, Fortunée?"

"Bénit walimuulia mbele ya mulango yetu. Wewe ulikuwa kwa barabara na kamyo ya mizigo. Miye njo nilimufunika. Kila mara unasema Nyunzu, wewe unaona shamba. Miye naona mulango ule."

Nilijua kwamba shemeji yangu Bénit aliuawa Nyunzu. Kwamba mama yako alikuwa pale, na kwamba ni mikono yake iliyomfunika kaka yake, hilo hakunieleza hata siku moja, nami sikuuliza. Nilidhani anayenyamaza amepona.

Nilikasirika, siwezi kukuficha. Nikamwambia, "Ungesema tu!"

Akasema, "Nitasema wakati gani? Watoto wamejinyima, wamenunua gari. Wewe unaamuka asubui na unaimba Nyunzu. Muko wote na furaha. Nilisema kwa roho yangu, acha friji ikatae, isikuwe miye."

Hapo hasira ikaniishia. Nikamwona amechoka, mwanangu, amechoka kuliko mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nalia uchovu kwa kila barua. Nikafungua mafundo yale. Hayakufunguka upesi, vidole vyangu si vya zamani. Tukaiwasha friji kwa gesi pale tulipokuwa tumesimama mpaka ikapoa, ndipo tukageuza gari. Friji ilipata pumzi, na tulipoingia Kalemie ilikuwa digrii sita. Fundi wangu, ulisema kweli. Friji ni nzima. Hatuendi Nyunzu.

Usimwandikie Mama kumwuliza lolote. Usimtanie na kikwembe, hata kwa wema. Akitaka atakueleza mwenyewe. Dawa yake ameitoa kwa masista na kuiweka kwenye gari hapa uani, na majirani wameanza kumletea samaki awawekee humo. Anawakaripia, halafu anawapokea.

Mimi imeniuma. Nilikuwa nimeshaigawa ile nyumba kichwani, chumba hadi chumba, na chako kilikuwemo. Kuna asubuhi naamka na sijui nikamate kazi gani. Lakini mtu hawezi kumjengea mwenzake nyumba mahali ambapo hapati usingizi, na ningemjua mke wangu vizuri zaidi, ningelijua hilo kabla hujaniandikia habari za waya.

Kesho kutwa nakwenda peke yangu, kwa pikipiki. Nitamwachia binamu yangu shamba alime. Nitatafuta mahali walipomzika Bénit na kumsimamishia msalaba, maana hana hata jiwe. Kisha nitarudi huku, na safari hii nitarudi kwangu.

Jana nilimwuliza mama yako nimletee nini kutoka kule, udaga wa muhogo, asali, chochote. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Unirudishie bwana yangu," akasema. "Kingine sina nacho haja."

Baba yako,
Ruben