Mashine Inayokwenda Ubelgiji

Jumamosi, 3 Mei

Nimetafsiri kurasa mbili kabla ya chai. Maelekezo ya mashine, kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Mnunuzi yuko Ubelgiji, na sheria za Ulaya zinataka mfanyakazi wa huko ayasome kwa lugha yake. Bila hayo, na bila alama ya usalama ya CE, mashine haiuzwi kule. Bosi wa Papa amenipa mimi kazi hii kwa kuwa najua Kifaransa. Nimefurahi mno.

Baadaye Papa alinipeleka karakana kwao, kule Jacobs kwenye viwanda, nione vitu ninavyovitaja. Mashine inasaga plastiki. Mdomo mpana, visu ndani. Umeme ulikuwa umekatika, kumetulia kabisa. Ghafla visu vikaanza kuzunguka. Hapakuwa na mtu karibu.

Tonton Fiston, mwenzake Papa kazini, alicheka vibaya. "Iko Kasongo. Anataka kumaliza kazi yake."

Kasongo ndiye aliyeanza kuichomelea. Aliugua akafariki mwaka jana.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada Mama Pasteur, mke wa mchungaji wetu, alikwenda kuiombea mashine. Akaupaka mdomo wa mashine mafuta ya upako.

"Sasa iko sharp, iko sawa kabisa, Papa Chantal," Tonton akamwambia Papa. "Hata mtoto anaweza kulala mule ndani."

Sikucheka.

Jumatano, 7 Mei

Nimefika kwenye sharti hili: umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine isianze yenyewe. Mpaka mtu abonyeze kitufe upya.

Nimekumbuka. Jumamosi, visu vilipoanza, friji ya ofisini nayo ilianza kunguruma. Umeme ulikuwa umerudi. Basi.

Nimemwambia Papa. Amesema, "Chantal, tumeshaomba." Hakukasirika. Ameona tu namdharau Mama Pasteur. Kesho atasafisha visu kwa mkono, kisha bosi atie saini kwamba mashine ni salama.

Naogopa.

Alhamisi, 8 Mei

Umeme ulikatika katikati ya somo la hesabu. Walisema ni mji mzima. Niliomba ruhusa nikampigia Papa kutoka kwenye korido. Simu haikuita. Mtandao hakuna. Nikajaribu tena, na tena.

Taa zikawaka. Nikakaa sakafuni.

Papa amerudi na mikono yote miwili. Niliiangalia kabla ya uso wake.

Ametusimulia akiwa amesimama. Umeme ulipokatika aliona ndiyo nafasi nzuri. Mkono ulikuwa ndani mpaka begani. Mtu akamwita kwa nyuma: "Grand, kuja apa kidogo." Akautoa mkono, akageuka. Hakuna mtu. Ndipo visu vikaanza.

Tonton Fiston alikuwa ametoka kununua mkate. Na yeye humwita "Papa Chantal", kama watu wote. Aliyekuwa akimwita grand, yaani kaka mkubwa, ni Kasongo peke yake.

Mama amefunga mapazia mapema. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Jumamosi, 10 Mei

Papa alimweleza bosi kila kitu, isipokuwa ile sauti. Bosi alifoka, halafu akaiweka kalamu chini bila kutia saini. Fundi wa umeme amebadilisha swichi.

Leo wameijaribu mbele yangu. Wakakata umeme kwenye swichi kuu, wakaurudisha. Friji ikanguruma. Mashine kimya. Wakarudia. Kimya.

Papa aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kona iliyokuwa tupu, kama mtu anayeitikia salamu. Nadhani ni mimi tu niliyeona.

Jumapili, 11 Mei

Nimemaliza. Kwenye sehemu ya kusafisha wameandika: chomoa waya kwanza. Chini yake nimeongeza sentensi ya Kifaransa ambayo kwenye Kiingereza haipo. *Ukisikia unaitwa, toa mkono kwanza, kisha geuka.*

Najua mfasiri haongezi neno. Nimeongeza.

Papa ameisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Ameurudisha ukurasa mahali pake, akaenda jikoni kumenya ndizi za jioni.